Studi ya Sh5,000, Bili ya Sh60,000

Kwenye Toyota nyingi kuukuu, bomba la ekzosi hufungwa kwenye manifoldi kwa studi za milimita 8 au 10. Studi ni bolti isiyo na kichwa: upande mmoja umezama kwenye chuma, upande wa pili unapokea nati. Nati ikigandishwa na kutu, fundi akailazimisha kwa spana, studi ndiyo inayosokotwa, mwisho inakatika.

Uwezo wa studi kuhimili kusokotwa hutegemea kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu. Kutu ikila asilimia 10 ya kipenyo, 0.9 × 0.9 × 0.9 ni 0.729: asilimia 27 ya nguvu imekwenda. Ikila asilimia 20, inabaki 0.512, yaani nusu tu. Kwa studi ya milimita 8, tofauti ya hali hizo mbili haifiki milimita moja. Kwa hiyo fundi akisema "hii bado nzima" kabla ya kuisugua kwa brashi ya waya, anakisia.

Tuchukue bei za mfano. Msomaji aweke za gereji yake. Studi na nati mpya Sh5,000, ufundi wa kufungua Sh5,000. Studi nne zikitoka salama, jumla ni Sh40,000. Kila inayokatika inaongeza Sh60,000 za kutoboa kwa drili na kupiga thredi upya. Moja tu ikikatika, bili ni Sh100,000, ongezeko la asilimia 150.

Kopo la dawa ya kutu tulipe Sh15,000, kuchoma nati kwa gesi Sh10,000. Gharama hiyo ya Sh25,000 inarudi iwapo katika kila magari 12 zitaokolewa studi 5. Hapo tumechukulia kopo zima linaishia kwenye gari moja, jambo ambalo ni nadra. Likihudumia magari matatu, studi 3 zinatosha.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti ni gari kulala gereji likisubiri dawa ipenye. Teksi inayoingiza Sh40,000 kwa siku inafanya maandalizi yafike Sh65,000, zaidi ya studi iliyokatika. Kwa hiyo dawa ipakwe jioni, nyumbani, injini ikiwa imepoa kabisa, kwani dawa nyingi za aina hii hushika moto.

Gesi nayo ina mipaka. Tundu la nati la milimita 8, likipandishwa joto kwa nyuzi 400, hutanuka kwa takriban milimita 0.04. Kiasi hicho husaidia nati ikipata moto kabla ya studi. Moto ukikawia, vyote viwili hutanuka pamoja.

Studi iliyoliwa kwa asilimia 20 usiihangaikie. Fundi aikate nati kwa grinda, abakishe kisiki cha kushika, na bei ya kutoboa mkubaliane kabla hajagusa spana.