Koili ya Gari la Zamani: Kuichagua na Kuiunga

Katika nchi iliyoitwa zamani wilaya ya South Nyanza, ambayo tangu mwaka 2013 inatawaliwa kama kaunti za Migori na Homa Bay, wako watu wanaoyatunza bado magari ya miaka ya 1950, 1960 na 1970: Land Rover zenye bodi la aluminiamu, Volkswagen zenye umbo la kobe, na Peugeot 404 na 504. Magari hayo yana sifa ya kustahimili barabara mbaya. Peugeot 404 ilishinda mbio za East African Safari mara nne kati ya mwaka 1963 na 1968. Walakini gari lenye nguvu kiasi hicho laweza kusimamishwa na kopo dogo lishikikalo kwa mkono mmoja, nalo ndilo koili.

Hali iwapatayo wengi ni hii. Gari huondoka Migori asubuhi likienda vizuri. Lifikapo Rongo, jua likiwa limepanda, injini hukohoa kisha huzimika. Likiachwa nusu saa likapoa, huwaka tena kana kwamba halikuwa na ugonjwa wowote, na kuzimika mara ya pili kwenye mteremko wa kwenda Homa Bay. Fundi huitwa, naye hununua koili ya kwanza aionayo dukani, maana kwa macho makopo yote hufanana. Gari huwaka, watu hufurahi, fundi hulipwa. Siku chache baadaye gari husimama tena, labda usiku, labda likiwa limembeba mgonjwa au samaki wa kupelekwa sokoni, na ndani ya distributa kila kitu kimeungua. Kosa halikuwa la gari. Koili iliyonunuliwa haikuwa ya gari lile.

Yafaa kwanza kufahamu kazi ya koili. Ndani ya kopo mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko maelfu. Umeme wa betri hupita katika ule mnene. Katika distributa vimo vipande viwili vya chuma vigusanavyo na kuachana, ambavyo mafundi huviita pointi. Pointi zinapoachana, umeme hukatika ghafula, na wakati uleule huzuka katika waya mwembamba umeme wenye nguvu za maelfu mengi ya volti, ambao huruka kama cheche kwenye plagi na kuwasha petroli.

Kabla ya kununua chochote, hapana budi kuhakikisha kwamba koili ndiyo mgonjwa. Gari lizimikalo likipata joto na kuwaka likipoa laweza kuwa na koili mbovu, lakini kondensa mbovu huleta dalili zilezile, na bei yake ni ndogo zaidi. Basi na itazamwe kondensa kwanza, na pointi zisafishwe. Kisha waya wa katikati wa distributa uchomolewe, ushikwe kwa koleo lenye mpini wa mpira, na ncha yake iwekwe kiasi cha milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, huku mtu mwingine akizungusha injini kwa ufunguo. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ya rangi ya manjano na nyembamba ni dhaifu. Jaribio hili lisifanywe kamwe palipovuja petroli.

Ikiisha kujulikana kwamba koili imekufa, ndipo huja kazi ya kuchagua. Jambo la kwanza ni volti. Volkswagen nyingi za miaka ya 1950 na ya mwanzo wa miaka ya 1960 hutumia volti 6, hali magari mengine mengi hutumia 12. Hilo ni rahisi, kwani huandikwa kwenye betri.

Jambo la pili ndilo liwapotezalo wengi, nalo ni ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme, ambao hupimwa kwa omu. Koili ya kawaida ya volti 12 ina ukinzani wa omu 3 hivi kati ya vichwa vyake viwili vidogo. Volti 12 zikigawanywa kwa omu 3 hupatikana ampea 4, na pointi huweza kuzichukua bila taabu. Lakini yako magari yaliyotengenezwa na kizuizi cha umeme, kiitwacho balasti, kati ya ufunguo na koili. Koili ya magari hayo ina omu 1.5 tu, kwa kuwa kizuizi huichukua nusu ya mzigo. Na wakati wa kuwasha injini, betri inapolemewa na stata, kizuizi hurukwa ili koili ipate nguvu zote. Mtu akiitia koili hiyo ya omu 1.5 katika gari lisilo na balasti, ampea huwa 8, koili huchemka na pointi huungua. Akifanya kinyume chake, gari huenda, lakini cheche huwa dhaifu na injini hukosa nguvu mlimani. Ziko pia koili zilizoundwa kwa ajili ya vifaa vya kielektroniki, nyingine zenye ukinzani wa chini ya omu 1. Hizo zisitiwe kabisa katika gari lenye pointi.

Balasti haionekani sikuzote. Katika magari mengine ni kipande cheupe cha kauri kando ya koili. Katika mengine ni waya maalumu uliofichwa kati ya nyaya nyingine. Njia ya kuitambua ni kupima. Koili ikiwa imeungwa, pointi zikigusana na ufunguo ukiwa umefunguliwa, mita iwekwe kati ya chuma cha injini na kichwa cha koili kipokeacho umeme wa ufunguo. Ikionyesha karibu volti 12, hakuna balasti. Ikionyesha 6 hadi 8, balasti ipo. Pointi zikiwa zimeachana mita husema 12 katika gari lolote, na fundi mwenye haraka hudanganyika hapo. Kipimo kikiisha, ufunguo ufungwe mara moja, kwani koili hupata moto injini ikiwa imesimama.

Mwenye kuagiza koili kutoka Kisumu, au kutoka Kirinyaga Road mjini Nairobi, ataje volti na omu, wala asitaje rangi ya kopo. Akiweza, ampe mjumbe mita mkononi aipime dukani.

Kuunga si kazi ngumu. Betri hufunguliwa kwanza, na kila waya hutiwa alama kabla ya kutolewa. Katika koili za zamani za Lucas, kichwa chenye herufi SW hupokea waya wa ufunguo, na chenye CB hupeleka waya kwenye distributa. Koili za Bosch huandikwa 15 upande wa ufunguo na 1 upande wa distributa. Koili nyingi za siku hizi zina alama za chanya na hasi tu, na hapa pana mtego. Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 zina betri ambayo upande wake wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Katika gari la namna hiyo waya wa ufunguo huenda kwenye hasi, na waya wa distributa kwenye chanya. Ukigeuzwa, gari litawaka, ila cheche itahitaji nguvu zaidi ili kuruka, na plagi zilizochakaa zitakuwa za kwanza kushindwa.

Baada ya kuunga, gari na liendeshwe mwendo wa saa moja, kisha injini izimwe na mkono uwekwe juu ya kopo. Joto la kawaida si neno. Lakini kopo likiwa la moto hata mkono usiweze kukaa, omu zipimwe upya kabla gari halijapakiwa mzigo.