Msiionee TDA2030

Sabufa ikinyamaza, mtuhumiwa wa kwanza ni TDA2030, ile aisii nyeusi ya kukuza sauti yenye miguu mitano iliyofungwa kwa skrubu kwenye bati la alumini. Mafundi wengi huing'oa hata mita hawajaiwasha. Wanaionea. TDA2030 ina kinga mbili ndani yake: nyaya za spika zikigusana, hubana mkondo; na joto la ndani likifika nyuzi 150 hivi, hujipunguzia kazi mpaka ipoe. Sabufa inayopiga nusu saa, ikakatika, kisha ikarudi yenyewe baada ya kupumzika, haina jini. Mara nyingi skrubu imelegea au yale mafuta meupe ya kupitisha joto yamekauka.

Kinachosumbua hasa ni chipu kuchemka hali hakuna muziki. Hapo kuna mkono wa Harold Black, mhandisi wa Bell Labs. Tarehe 2 Agosti 1927, akivuka mto Hudson kwa kivuko kwenda kazini New York, alichora kwenye ukurasa wa gazeti wazo lililoonekana la kipuuzi: sehemu ya sauti iliyokwisha kukuzwa irudishwe mlangoni ikiwa imegeuzwa, ipunguze inayoingia. Nguvu inapotea, lakini mikwaruzo nayo inajifuta. Hataza aliipata 1937 tu, maana wakaguzi nao hawakusadiki.

Kwenye TDA2030 kazi hiyo ni ya resista mbili, kwa kawaida ya omu 22,000 na ya omu 680. Gawanya, ongeza moja: sauti hukuzwa mara 33 hivi. Sasa fundi anayetaka kutuliza kelele hushusha ukuzaji hadi mara 5, kisha anashangaa chipu inamuunguza kidole. Amezidisha marejesho, yaani ile sauti inayorudishwa mlangoni, na marejesho huchelewa. Kwenye besi ucheleweshaji huo si kitu. Kwenye masafa ya juu mno, sahihisho hufika wimbi limeshageuka, likasukuma badala ya kuzuia, kama nahodha anayekata usukani kwa kuchelewa na chombo kikazidi kuyumba. Sikio halisikii lolote. Ni joto tu.

Dawa yake ni kurudisha ukuzaji ulivyokuwa. Kinga nyingine dhidi ya mtikisiko huo ni resista ya omu 1 na kapasita ya mikrofaradi 0.22, zimefuatana kutoka mguu wa nne hadi graundi. Kwa kuwa muziki unasikika hata zisipokuwepo, baadhi ya sabufa za bei chee hutoka kiwandani bila hizo. Watengenezaji wake nawalaumu kuliko fundi yeyote: wameokoa senti, na dampo zetu zinapokea sanduku zima, shaba ya transfoma ikiwa ndani.

Kabla ya kung'oa, pima mguu wa nne. Saketi ya umeme wa pande mbili, chanya na hasi, ionyeshe karibu volti 0. Ya upande mmoja, nusu ya volti zinazoingia. Ikiwa sawa, tafuta kwingine. Mngurumo wa herzi 100, kwa mfano, hutoka kwenye kapasita kubwa za pawa zilizochoka.

Chipu hii imo pia kwenye spika za kompyuta, televisheni za zamani, na redio kaseti, na hata huendesha mota ndogo. Ukilazimika kuibadilisha, kumbuka bati la mgongo wake limeungana na mguu wa tatu, upande hasi. Kwenye umeme wa pande mbili, bila karatasi ya maika, bati hilo likigusa kasha lenye graundi, fyuzi inakwenda.