Chui wa Unguja na mwenyewe

Kutoweka kwa chui wa Unguja huelezwa haraka kwa kutaja misitu iliyofyekwa. Sababu hiyo ni ya kweli, ila haitoshi. Bahari ilipopanda mwishoni mwa enzi ya barafu na kukitenga kisiwa na bara, chui aliyebaki humo alibadilika: akawa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yakavunjikavunjika kuwa vidoadoa vilivyosongamana. Mwaka 1932 R. I. Pocock alimtambulisha kisayansi kama nususpishi ya pekee. Kima punju na paa nunga hutegemea misitu hiyo hiyo, nao wangalipo, ingawa paa nunga ni wachache. Mbona aliyekwenda ni chui?

Naona jibu liko katika imani kwamba chui ana mwenyewe. Helle Goldman na Martin Walsh, watafiti walioifuatilia habari hii kwa miaka mingi, wameeleza jinsi vijijini ilivyoaminika kwamba wachawi hufuga chui na kuwatuma wadhuru watu. Mashamba yalipoisogelea misitu na mbuzi wakaliwa, lawama haikumwangukia mnyama mwenye njaa. Ilimwangukia jirani mwenye kijicho. Baada ya Mapinduzi ya 1964, msako ulioongozwa na mganga aliyejulikana kama Kitanzi uliwaandama wachawi na chui kwa pamoja. Kumuua chui kukawa kumnyang'anya mchawi silaha. Hapo wito wa kuhifadhi wanyama pori ungemgusa nani, ikiwa huyu hakuhesabiwa kuwa wa porini?

Kuna atakayesema chui huhitaji eneo kubwa kuliko paa, kwa hiyo uhaba wa msitu ungemmaliza tu. Ungempunguza, sikatai. Lakini Mumbai, India, chui wanaishi katika hifadhi ya Sanjay Gandhi, yenye kilomita za mraba 100 hivi, huku mamilioni ya watu wakiizunguka. Hula hata mbwa wa mitaani. Si mnyama wa kushindwa na ufinyu peke yake.

Wengine husema chui wa Unguja bado yupo, na hutaja picha ya kamera ya kutegesha iliyoonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2018. Hata angekuwa chui kweli, mmoja hazai. Tena anayeamini chui hufugwa hasumbuliwi na kutomwona: atasema mwenyewe kamficha. Mabishano haya yatakatwa na unywele au kinyesi kibichi, vinasaba vyake vilinganishwe na vya ngozi zilizohifadhiwa makumbusho ya London na Zanzibar.