Faji, virusi vinavyoua mikrobe: mkia wake unajengwa namna gani?

Hapa Congo, mikrobe inayoitwa Salmonella Typhimurium haiishii tumboni. Kwa watoto wadogo, zaidi wale wenye malaria ao wasiopata chakula cha kutosha, inapita mpaka ndani ya damu, na hapo inaweza kuua. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba hapa nchini kumeonekana aina moja ya mikrobe hiyo ambayo antibiotiki nyingi haziiwezi tena. Njo maana sehemu mbalimbali za dunia wanasayansi wamerudi kuangalia kitu cha zamani: faji, virusi vidogo sana ambavyo havishambulii mtu, vinashambulia bakteri tu.

Jina kamili ni bakteriofaji. Lilitolewa mwaka 1917 na Félix d'Hérelle, aliyekuwa anafanya kazi katika Institut Pasteur, Paris, akichunguza mavi ya askari waliokuwa na ugonjwa wa kuhara damu. Maana yake ni "mla bakteri", ingawa kusema kweli faji hailii kitu. Inakaa juu ya bakteri, inaingiza ADN yake ndani, kiisha bakteri yenyewe inafanyishwa kazi ya kutengeneza faji zingine mpaka inapasuka.

Faji nyingi zina kichwa na mkia. Kichwa ni kama sanduku la ADN. Lakini kazi ngumu iko kwa mkia: njo unaotambua bakteri inayotafutwa, na njo unaopitisha ADN kama vile sindano ya muganga. Kichwa bila mkia ni mzigo usio na mlango wa kutokea.

Mkia huo wote ni protini. Na protini, wakati inapotengenezwa, ni uzi tu, asidi amino moja nyuma ya ingine kama shanga. Uzi hauna kazi bado. Unapaswa kwanza kujikunja mpaka upate umbo lake, na umbo hilo njo linaipa protini nguvu ya kushika, kukata ao kutoboa.

Mfano uliochunguzwa sana ni faji P22, ambayo inashambulia hiyo hiyo Salmonella Typhimurium. Mwisho wa mkia wake kuna miiba sita. Kila mwiba ni nyuzi tatu za protini, kila uzi una asidi amino 666, na nyuzi hizo zinajizungusha kama springi kiisha zinashikana. Mwiba unashika minyororo ya sukari iliyo juu ya ngozi ya Salmonella na kuikata, ili faji ifike karibu.

Huko Marekani, katika chuo cha MIT, Jonathan King na wenzake walifanya miaka mingi juu ya mwiba huo, na walichokiona kinashangaza. Kulikuwa faji zenye kasoro ndogo, asidi amino moja tu imebadilika. Kwenye digri 30 zilitengeneza miiba mizuri. Kwenye digri 40 nyuzi zilishikamana ovyo na kuwa donge lisilo na faida. Mtu angefikiri basi mwiba huo ni dhaifu, joto linauharibu. Hapana. Mwiba uliokwisha kujikunja kwenye digri 30 ukipelekwa kwenye digri 40, hauna shida yoyote. Miiba iliyokamilika inavumilia hata zaidi ya digri 80, na sabuni kali ya labo haiiachanishi. Kosa halimo ndani ya kitu kilichokwisha, liko njiani, wakati uzi umejikunja nusu.

Yeyote aliyefyatua matofali anaelewa. Tofali bichi likinyeshewa na mvua linarudi kuwa tope. Likisha kupita kwenye tanuru, mvua ile ile inalipiga miaka na haiwezi kitu. Na hata mwiba usio na kasoro uko hivyo: joto likipanda wakati wa kujikunja, nyuzi nyingi zinapotea njiani.

Kuna swali lingine: mkia unajua namna gani mahali pa kuishia? Faji lambda ina jibu zuri. Mkia wake ni bomba la pete zilizopangwa moja juu ya ingine, na katikati kuna protini moja ndefu iliyonyooshwa, ambayo kazi yake ni kama ya mita ya fundi. Pete zinapangwa mpaka mita inaisha, basi. Mwaka 1984 Isao Katsura na Roger Hendrix walionyesha jambo hilo kwa kufupisha jeni ya protini hiyo. Mikia iliyotoka ilikuwa mifupi, kwa kadiri ile ile waliyokata.

Faji T4, adui wa bakteri ya E. coli, ni mashine kubwa zaidi. Mwaka 1966 Robert Edgar na William Wood walichukua maji ya bakteri zilizojaa faji zisizokamilika, zingine bila kichwa, zingine bila miguu, wakayachanganya ndani ya chupa. Faji nzima zikajitengeneza zenyewe! Walipofuatilia, waliona kwamba kichwa, mkia na miguu vinajengwa kila kimoja upande wake, kiisha vinaunganishwa kwa utaratibu. Kwanza msingi wa mkia, vipande sita kuzunguka kitovu. Bila msingi huo bomba halianzi. Bomba kiisha linavalishwa ala ya protini 138 za aina moja, kichwa kinakaa juu, miguu inakuja mwisho. Miguu yenyewe haiwezi kujikunja vizuri bila protini mbili za kuisaidia, ambazo hazibaki ndani ya faji, kama vile mbao ambazo fundi anatoa beto ikisha kukauka.

Ile ala inajengwa ikiwa imevutwa, kama springi iliyofungwa. Miguu ikisha kushika bakteri, msingi unafunguka, ala inajikunyata kutoka nanomita 90 hivi mpaka 42, na bomba linasukumwa kupitia ngozi ya bakteri.

Sasa, mtu atauliza: mbona dawa hii haiko kwenye farmasi? Sababu moja iko kwenye umbo hilo hilo. Mwiba uliokunjwa kwa sukari ya Salmonella moja hauoni bakteri ingine. Salmonella ikibadilisha sukari yake, mwiba unakuwa kipofu. Anayeuza chupa moja ya faji kwa kila ugonjwa anadanganya. Na P22 yenyewe haifai kuwa dawa, juu inaweza kujificha ndani ya ADN ya bakteri, na inabeba jeni kutoka bakteri moja mpaka ingine.

Tbilisi, nchini Georgia, kuna taasisi ya Eliava iliyoanzishwa mwaka 1923 na ambayo bado inatengeneza faji za kutibu. Kazi inaanzia kwa mgonjwa: mikrobe yake inatolewa, inaoteshwa kwenye sahani ya labo, kiisha inadondoshewa faji mbalimbali. Mahali faji imeshika, panabaki doa jeupe lisilo na bakteri. Pasipokuwa doa, faji ile haitumiki kwa mgonjwa huyo.