Cheti cha Chuo Bado Si CPA: Hesabu ya Kijana wa Kisiwani

MFANYABIASHARA wa Kisiwani, wilayani Same, hana shida ya kupata bidhaa. Juu milimani, Mamba na Miamba, kuna tangawizi. Mbele kidogo, Ndungu, kuna mpunga wa mashamba ya umwagiliaji. Akipata gari anafika Same mjini, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Anachokikosa mara nyingi ni mtu wa kumwambia kama amepata faida.

Tuseme amenunua magunia 20 ya mpunga kwa sh. 70,000 kila moja, jumla sh. 1,400,000. Usafiri, ushuru na upakiaji vimekula sh. 140,000. Ameuza yote kwa sh. 90,000 gunia, sawa na sh. 1,800,000. Faida ni sh. 260,000. Lakini magunia sita kayatoa kwa mkopo, kwa hiyo sh. 540,000 ziko nje. Mkononi zimeingia sh. 1,260,000 wakati zilizotoka ni sh. 1,540,000. Faida ipo kwenye daftari, na sanduku limepungua sh. 280,000. Mdeni akitoroka, hiyo sh. 280,000 ndiyo hasara yenyewe. Wafanyabiashara wangapi wamekula mtaji wakidhani wanakula faida!

Anayeweza kuonyesha tofauti hiyo ana kazi ya kufanya kijijini, na vijana kadhaa wameliona hilo. Mzazi huuza mahindi au mbuzi, mtoto huenda chuo kusomea uhasibu, naye hurudi na cheti akiamini amekuwa mhasibu kamili. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Sifa ya CPA haitolewi na chuo. Hutolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Chuo hufundisha, Bodi hutahini na kusajili. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na ufaulu unaotakiwa anaweza kuanzia chini, kwenye cheti cha ufundi wa uhasibu kiitwacho ATEC, chenye hatua mbili. Juu yake kuna ngazi ya msingi, ya kati na ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu huingilia ngazi ya kati. Hata baada ya kufaulu ngazi ya mwisho, kuna miaka mitatu ya uzoefu wa kazi kabla ya kusajiliwa kama CPA.

Kwa kijana wa Kisiwani, vyuo vya jirani ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, na Chuo cha Uhasibu Arusha kilichopo Njiro. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa mfano wa Sweden, vinafaa kwa stadi za kuanzia maisha, lakini anayelenga CPA asivitegemee kumfikisha huko.

Kabla ya kulipa ada, basi, swali la kuulizwa si "mnatoa cheti?" Ni hili: "cheti chenu kinaniingiza ngazi gani ya NBAA, na kinanisamehe masomo yapi?" Jibu la karani wa mapokezi lisitoshe, ithibitishwe na Bodi yenyewe, kwa maandishi. Miaka miwili ya ada, chumba na chakula mjini ni mtaji wa duka dogo.

Jambo jingine halisemwi sana: mitihani ni ya Kiingereza. Kijana anayejua vizuri mali na madeni ya duka la baba yake anaweza kuanguka kwa sababu ya lugha tu. Afadhali atenge muda wa hilo mapema.

Si lazima pia kuacha kazi. Vipindi vikuu vya mitihani ni Mei na Novemba, na mtu anaweza kujisomea akiwa dukani, akalipia masomo ya marudio wiki chache kabla ya mtihani. Ni njia ndefu, ila haifungi biashara.

Wala hakuna haja ya kungoja CPA ndipo apate mshahara. SACCOS na vyama vya mazao vinahitaji mtunza vitabu ambaye mkaguzi wa COASCO akifika atakuta stakabadhi zimepangwa. Kwa wafanyabiashara binafsi, Sheria ya Fedha ya 2019 ilipandisha kiwango cha mauzo ya mwaka kilichomlazimu mtu kuwa na hesabu zilizokaguliwa, kutoka sh. milioni 20 hadi milioni 100. Mwenye magari mawili ya tangawizi kwa wiki apige hesabu ya mauzo yake ya mwaka mzima, aulize kiwango cha sasa, aone yuko upande gani.