Vidonge vya Maumivu na Pombe

Mkulima aliyelima siku nzima na kuumwa mgongo hununua vidonge dukani, akavimeza, kisha akaenda kunywa busaa. Asubuhi kichwa kinamwuma, naye humeza vingine kabla ya kula chochote. Wengi hudhani hakuna ubaya, kwa kuwa vidonge hivyo huuzwa bila cheti cha daktari. Yafaa ujue yanayotendeka ndani ya mwili.

Kwanza soma jina la dawa kwenye pakiti, maana vidonge hivi si vya namna moja. Aspirini na ibuprofeni hupunguza ute ulindao tumbo lisichomwe na tindikali yake lenyewe. Pombe nayo huchubua mahali pale pale. Tena aspirini huzuia damu isigande upesi, na kazi hiyo huendelea siku kadhaa baada ya kumeza. Basi kidonda kidogo cha tumbo chaweza kutoa damu nyingi bila mwenyewe kujua. Ukitapika kitu kama mashapo ya kahawa, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kesho, nenda hospitali.

Parasetamoli hailiumizi tumbo namna hiyo. Hatari yake iko katika ini. Ini linapoivunja dawa hii hutokea sumu kidogo, na ini lina akiba yake ya kuiua. Kwa mtu anywaye sana kila siku, tena asiyekula vizuri, akiba hupungua na sumu huzidi. Mkulima hachanganyi dawa mbili katika bomba la kunyunyizia kahawa bila kusoma karatasi yake. Sioni kwa nini bomba litunzwe kuliko tumbo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, vidonge vya miligramu 500 visizidi 2 kwa mara moja, wala 8 kwa saa 24, na zipite saa 4 au zaidi kabla ya kumeza tena. Mnywaji wa kila siku huenda akahitaji pungufu ya hivyo. Amwulize mganga wa dispensari, amwambie kweli kiasi anywacho.

Aliyezidisha parasetamoli aweza kujiona mzima siku ya kwanza. Macho huwa manjano baadaye, ini likiwa limekwisha kuharibika. Iko dawa ya kuizuia sumu hiyo, nayo hufaa zaidi ikitolewa kabla ya saa 8 kupita. Mpelekeni hospitali hata kama hasikii maumivu, mkachukue na pakiti ya vidonge.