Kobe na Kasa katika Majina ya Mahali na Vitu

Visiwa, miji, nyota, meli za vita na hata programu za kompyuta vimewahi kupewa jina la kobe au kasa. Wanyama hawa wote ni wa kundi moja la reptilia, ambao gamba lao limeungana na mbavu na uti wa mgongo, hivyo mnyama hawezi kutoka ndani yake. Waliotoa majina waliangalia mambo manne: wingi wa wanyama waliowakuta, umbo la mgongo, ugumu wa gamba na mwendo wa pole. Karibu kila jina linalotokana na kobe au kasa linaingia katika mojawapo ya makundi hayo.

Maneno yenyewe

Kiswahili cha pwani humtenganisha kasa, wa baharini mwenye mapezi, na kobe, wa nchi kavu mwenye miguu. Aina za kasa nazo zina majina yake: ng'amba mwenye gamba la thamani, duvi mwenye kichwa kikubwa, kigome aliye mdogo, na noa ambaye mgongo wake umefunikwa kwa ngozi badala ya magamba magumu. Ng'amba ni jina la mnyama na pia la gamba lake, lile lililotumika kutengenezea vitana, vikuku na visanduku. Nchini Komoro neno hilo husikika kama nyamba, na humtaja kasa.

Lugha nyingine hazitenganishi hivyo. Tortuga ya Kihispania na tortue ya Kifaransa hutumika kwa wa baharini na wa nchi kavu pia, kwa hiyo jina la kisiwa pekee halitoshi kuonyesha mnyama yupi alikusudiwa. Wanaisimu wengi hulihusisha neno tortuga na Kilatini cha zama za mwisho, ambapo mnyama huyu alidhaniwa kuwa kiumbe wa Tartarus, yaani kuzimu.

Katika Kibantu cha bara kuna shina moja lililosambaa mbali. Waganda husema enfudu, Wachewa fulu na Wazulu ufudu. Wachewa na Wanyanja wa Ziwa Nyasa wana pia neno kamba kwa kobe, neno ambalo masikioni mwa Mswahili ni uzi mnene wa kufungia au mnyama mdogo wa baharini anayeliwa. Mfanano wa sauti haumaanishi udugu wa maneno, na kanuni hiyo ni ya lazima kwa kila anayechunguza majina ya mahali.

Ziwa Nyasa: mahali panapompa mnyama jina

Kata ya Namswea na maeneo mengine ya Mbinga, karibu na Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, yako mbali sana na Bahari ya Hindi, kwa hiyo kasa si mnyama wa huko. Hata hivyo Ziwa Nyasa na Mto Ruvuma vina kobe wa maji. Mmoja ana gamba laini kama ngozi na pua ndefu iliyochongoka, na hupenda kujifukia mchangani chini ya maji. Mtaalamu wa Kijerumani Wilhelm Peters, aliyefanya kazi Msumbiji katika miaka ya 1840, alimwelezea mwaka 1854 kwa jina Cycloderma frenatum. Sehemu ya kwanza ni Kigiriki, duara na ngozi. Ya pili ni Kilatini, mwenye hatamu, kutokana na mistari myeusi inayopita kichwani mwake mithili ya hatamu za farasi.

Wa pili ana gamba gumu lenye meno meno ukingoni kwa nyuma. Huyu ni Pelusios sinuatus, aliyeelezewa na Andrew Smith mwaka 1838. Jina la jenasi hutokana na neno la Kigiriki la tope, na sinuatus ni Kilatini, yaani mwenye ukingo uliopindapinda. Wanyama wa jenasi hii wana bawaba katika gamba la tumboni, na wakiogopa hufunga mlango wa mbele.

Nchi kavu yupo kobe mwenye bawaba mgongoni, ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake hushuka na kulinda miguu na mkia. Jenasi yake, Kinixys, imeundwa kwa maneno ya Kigiriki ya kusogea na kiuno. Aina inayopatikana kuanzia pwani ya Kenya kupitia Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini ilipewa na John Hewitt mwaka 1931 jina Kinixys zombensis, kutokana na mji wa Zomba nchini Malawi. Kobe wa kale wa zama za dinosaria, ambaye mabaki yake yalipatikana Malawi, alipewa mwaka 1928 jina Platycheloides nyasae, kwa heshima ya Nyasa. Hapa mambo yamegeuka: badala ya mahali kuchukua jina la kobe, kobe amechukua jina la mahali.

Ng'ambo ya ziwa, kwenye miamba ya Chiweta inayokabiliana na pwani ya Lituhi, yamepatikana pia mabaki ya Eunotosaurus, mnyama aliyeishi takriban miaka milioni 260 iliyopita. Wataalamu wengi humweka karibu na asili ya ukoo wa kobe, kwa sababu mbavu zake zilikuwa pana mno na ziligusana. Aliyempa jina mwaka 1892, Harry Seeley, hakumfikiria kuwa kobe. Alimwita mjusi mwenye mgongo mzuri, na miaka mingi baadaye ni mgongo huohuo uliowapeleka wataalamu kwenye asili ya kobe.

Majina ya wingi

Maandishi ya kale zaidi yanayotaja pwani ya Afrika Mashariki kwa mapana ni mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaojulikana kama Periplus. Unasema kwamba katika kisiwa cha Menouthias walikuwako kobe wa milimani, na kwamba wenyeji walivua kasa kwa mitumbwi na kwa vikapu vya kusuka vilivyotegwa mlangoni mwa mkondo wa maji. Wanahistoria hukilinganisha kisiwa hicho na Unguja, Pemba au Mafia. Gamba la ng'amba lilikuwa miongoni mwa bidhaa za bandari ya Rhapta, pamoja na pembe za ndovu na za vifaru. Hata hivyo bandari yenyewe haikuitwa kwa bidhaa hiyo: jina lake lilitokana na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, ndugu wa kale wa mitepe.

Watu nao walipewa jina kwa kasa. Waandishi wa Kigiriki na Kirumi walitaja jamii za Chelonophagi, yaani walaji kasa. Plinius, aliyeandika katika karne ya 1, aliwaweka kwenye pwani ya Karmania, kusini mwa Uajemi, akasema waliezeka nyumba zao kwa magamba ya kasa.

Karne nyingi baadaye mabaharia wa Hispania walirudia mtindo huo. Mei 1503 Christopher Columbus alipita visiwa viwili vidogo vya Karibi ambako bahari ilijaa kasa, akaviita Las Tortugas. Jina hilo halikudumu. Kufikia 1586 visiwa vilikuwa vikiitwa kwa neno la caiman, ndugu wa mamba, na leo ni Visiwa vya Cayman. Kasa wenyewe waliwindwa kwa ajili ya nyama, kwa kuwa waliweza kuwekwa hai melini kwa wiki nyingi, na kufikia mwanzo wa karne ya 19 makundi makubwa yaliyokuwa yakitaga huko yalikuwa yamekwisha. Nembo ya Cayman bado ina kasa juu yake.

Mwaka 1513 Juan Ponce de León alivua kasa zaidi ya 100 kwenye visiwa vya kusini-magharibi mwa Florida, akaviita Tortugas. Baadaye ramani ziliongeza neno la ukavu kuwaonya mabaharia kwamba hakuna maji ya kunywa, na jina la sasa, Dry Tortugas, limebeba taarifa mbili: chakula kipo, maji hayapo.

Visiwa vya Galápagos vilifikiwa mwaka 1535 na Askofu Tomás de Berlanga wa Panama, ambaye chombo chake kilipotezwa njia na mkondo wa bahari. Aliripoti kobe wakubwa ajabu, na ramani ya Abraham Ortelius ya 1570 ikaviandika visiwa kwa jina lao. Galápago ni neno la Kihispania la kobe, na pia huitwa hivyo tandiko la farasi. Baadhi ya kobe wa huko wana gamba lililoinuka mbele kama tandiko, hivyo maana zote mbili zinamfaa. Charles Darwin alipofika mwaka 1835, aliambiwa na kaimu gavana kwamba angeweza kutambua kisiwa cha kila kobe kwa kuangalia gamba tu.

Kwa Waswahili wa Oman, kundi hili la majina ya wingi linawakilishwa na Hifadhi ya Kasa ya Ras al-Hadd, iliyoanzishwa 1996 karibu na Sur, bandari ambayo majahazi yake yalisafiri hadi Zanzibar. Rasi yenyewe ina jina la mpaka, kwani hapo ufuko hugeuka kutoka Ghuba ya Oman kuelekea Bahari ya Arabuni. Jina la kasa limeongezwa na sheria ya uhifadhi, kwa sababu maelfu yao hupanda kutaga ufukoni.

Majina ya umbo

Umbo la mgongo huonekana kutoka mbali, hata pasipo mnyama. Desemba 1492 Columbus aliona kisiwa kaskazini mwa Haiti kilichovimba mithili ya mgongo wa kasa, akakiita Tortuga. Japani, ambako kobe huitwa kame na ni alama ya maisha marefu, kuna mji wa Kameyama, yaani mlima wa kobe.

Pwani ya Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma ina mfano wa mtindo huohuo kwa mnyama mwingine. Liuli iliitwa na Wajerumani Sphinxhafen, bandari ya Sphinx, kwa sababu ya jabali linalofanana na sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Jina hilo liliingia katika historia ya vita Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia hapo Hermann von Wissmann ya Wajerumani. Utawala wa Wajerumani ulipoondoka, jina la kigeni liliondoka nao, na jabali likabaki.

Majina yanayopotosha

Msomaji wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba mji wa Kobe nchini Japani una uhusiano na mnyama. Hauna. Jina lake linatokana na neno la kale la kaya zilizotoa huduma na mazao kwa hekalu, yaani hekalu la Ikuta. Kadhalika, kasa katika hesabu, kama mia kasa moja kwa maana ya 99, ni neno jingine lenye maana ya upungufu.

Kisiwa cha Changuu karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mfano wa upande wa pili. Wageni wengi hukijua kwa kobe wakubwa wa Aldabra, ambao wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Lakini jina lake huhusishwa na changu, samaki wa maji ya hapo, nalo ni la zamani kuliko kobe hao.

Gamba vitani

Ugumu wa gamba ulitoa majina ya silaha na mbinu. Askari wa Kirumi walipofunika vichwa na ubavu kwa ngao zilizobanana, mpango huo uliitwa testudo, kobe. Plutarchus anaeleza jinsi jeshi la Marcus Antonius lilivyoutumia dhidi ya mishale ya Waparthi mwaka 36 KK. Korea, mwaka 1592, jemadari Yi Sun-sin alipigana na Wajapani kwa meli zilizoezekwa juu na kusimikwa miiba, zinazoitwa geobukseon, meli za kobe. Nchini Marekani, David Bushnell alitengeneza nyambizi ya mtu mmoja mwaka 1775, akaiita Turtle kwa kuwa mwili wake ulifanana na magamba mawili yaliyounganishwa. Mwaka uliofuata ilijaribu kutega baruti chini ya meli ya Waingereza katika bandari ya New York, ikashindwa.

Mwendo wa pole

Kundi la mwisho kutokea ni la mashine. Kati ya 1948 na 1949, huko Bristol, William Grey Walter alitengeneza roboti ndogo zilizotambaa chini ya kifuniko kama gamba na kufuata mwanga, zikaitwa kobe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Seymour Papert na wenzake wa lugha ya kompyuta Logo walitumia roboti ya namna hiyo kuwafundisha watoto hesabu: mtoto anaiagiza iende mbele hatua kadhaa, igeuke nyuzi 90, nayo inachora mstari. Roboti ikageuka alama ya pembetatu kwenye kioo, lakini jina likabaki. Leo lugha ya Python ina sehemu iitwayo turtle inayofanya kazi hiyohiyo.

Kobe angani

Wagiriki walisimulia kwamba Hermes alitengeneza kinanda cha kwanza cha nyuzi kwa gamba la kobe, ala iliyo ya jamii moja na nyatiti ya Wajaluo. Kilatini kilikiita pia testudo, na kundi la nyota la Lyra likapewa jina la kinanda hicho. Waarabu waliopokea elimu hiyo waliliita kundi hilo as-sulahfat, kobe, na neno hilo limebaki katika nyota ya pili kwa mng'ao, Sulafat, jina lililoidhinishwa na Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia mwaka 2016. Kutoka Mbinga na ufuko wa Nyasa, katikati ya Agosti, yapata saa tatu na nusu usiku, nyota kali ya Vega, ya kwanza kwa mng'ao katika Lyra, huwa upande wa kaskazini, karibu nusu ya kimo kati ya upeo na utosi wa anga. Sulafat iko juu yake kidogo, upande wa mashariki.